Taka za Kigoma zisiishie ziwani: mwongozo wa kuzitenga, kuzitumia na kuziondoa

Mvua za kwanza zinaposhuka Kigoma, mwezi wa kumi au wa kumi na moja, nenda ukasimame kando ya mtaro wowote unaotelemka kutoka Mwanga kwenda ziwani. Utaona kiangazi chote kikipita mbele yako: chupa za maji, pampasi, maganda ya muhogo, kandambili za watoto, makapi ya chikichi, vifuko, jivu. Karibu vyote hivyo havikupelekwa ziwani na mtu. Viliachwa nyuma ya nyumba, kwenye korongo, pembeni ya soko, kisha maji yakavibeba. Mji wetu umekaa vilimani, na chini ya kila mteremko ipo Tanganyika.

Ziwa hili ni la pili kwa kina duniani, takriban mita 1,470. Lina mto mmoja tu wa kutokea, Lukuga, upande wa Kongo, na sehemu kubwa ya maji yake huondoka kwa kugeuka mvuke. Mvuke haubebi plastiki wala risasi ya betri. Kinachoingia kinabaki humo, pamoja na dagaa tunaowala na maji ambayo wengi wetu bado tunachota kwa ndoo.

Nimeuandika mwongozo huu kwa ajili ya kaya, mama wauza dagaa, wenye mashine za mawese, mafundi na wenye vibanda. Nimezaliwa Ujiji na nimetenga taka nyumbani kwangu kwa miaka kadhaa sasa. Kubwa nililojifunza ni kwamba taka huamuliwa hatima yake dakika inapotoka mkononi. Ganda la ndizi likiwa peke yake ni mbolea. Chupa ikiwa peke yake inauzika. Zikishakutana kwenye kiroba kimoja na pampasi na wembe, hakuna mtu wala mashine hapa mjini itakayozirudisha zilivyokuwa.

Anza kwa kuangalia maji yanakokwenda

Kabla ya kununua ndoo wala kuchimba shimo, subiri mvua, au mwaga ndoo mbili za maji katikati ya uwanja, uyafuate. Yanatokea wapi? Yanapita karibu na choo? Yanaingia kwa jirani, kwenye mtaro, kwenye korongo? Njia hiyo ya maji usiweke juu yake kitu chochote kinachooza, kinachovuja au kinachoelea. Nyumba nyingi za Katubuka na Gungu zina shimo la taka kwenye kona ya chini kabisa ya uwanja, kwa sababu ndiko kusikoonekana kutoka barazani, na huko ndiko maji yanakopita. Lihamishie juu, hata kama halitapendeza macho.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto bila idhini. Ukiwa na kiwanja kinachogusa kijito, zipime kwa kamba, kisha usiweke taka wala shimo ndani ya eneo hilo.

Pima wiki moja

Chukua mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia dagaa. Kwa siku saba pima kila ndoo ya taka kabla ya kuitupa, na andika kwenye daftari: vinavyooza, vikavu, mabaki. Kazi hii inaudhi, lakini ifanye. Utagundua kwamba zaidi ya nusu ya uzito wote ni vitu vya kuoza: maganda ya ndizi, ya muhogo na ya viazi, mabua ya mchicha, mabaki ya ugali, majani yaliyofagiwa uani. Msimu wa maembe ukifika, ndoo hiyo inazidi maradufu. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya ada unayomlipa mzoa taka inalipia kusafirisha maji yaliyomo ndani ya maganda.

Vyombo vinne vya nyumbani

Vipya si lazima. Ndoo ya rangi iliyokwisha, diaba lililopasuka ukingo, kiroba cha unga, bati la biskuti, vyote vinafaa.

Ndoo yenye kifuniko ikae jikoni kwa ajili ya vinavyooza. Tandika chini yake majani makavu au kipande cha gazeti, na uimwage kila siku, kwa sababu joto letu haliruhusu siku mbili. Kiroba kikining'inizwa kwenye msumari mahali pakavu kinatosha kwa vikavu vya kuuzika: chupa, madumu, makopo, maboksi, vyuma. Suuza kwanza kile kilichokuwa na chakula, la sivyo utafuga mende. Chombo cha tatu ni cha mabaki, yaani vile visivyooza wala kununuliwa: pampasi, vifungashio vya biskuti na sabuni, vitambaa vilivyochakaa, taulo za kike. Cha nne ni bati dogo la juu ya kabati, mbali na mkono wa mtoto, la betri, nyembe, sindano, dawa zilizokwisha muda na balbu.

Jivu la mkaa lisiingie kwenye chombo chochote kati ya hivyo likiwa la moto. Limwage kwenye debe la chuma, lilale usiku kucha. Mwaka wa kwanza nilichanganya jivu nililoamini limepoa na majani makavu. Saa saba usiku tuliamshwa na moshi, na ukuta wa jikoni ulikuwa umeshika moto. Kaa dogo chini ya jivu linadumu kwa saa nyingi.

Watoto ndio watakaotenga vizuri kuliko wote, ukiwaeleza sababu. Mgeni na msaidizi mpya wa kazi ndio huchanganya, kwa kuwa hawajaambiwa. Chora ganda la ndizi kwenye ndoo moja na chupa kwenye kiroba.

Mboji: hapa ndipo nusu ya tatizo inapoishia

Hapa nitakaa muda mrefu kidogo, kwa sababu kaya ikiweza mboji, yaliyobaki ni madogo.

Kwanza chagua kati ya shimo na lundo kwa kuangalia msimu. Kuanzia Juni hadi Septemba, udongo wetu unapokuwa mkavu, chimba shimo la kina cha sentimita 60, kwani unyevu unahifadhika. Kuanzia Novemba hadi Aprili usichimbe. Shimo litajaa maji na utapata uozo unaonuka badala ya mboji. Jenga lundo juu ya ardhi, chini ya mwembe au kibanda cha makuti, lenye upana na urefu wa mita moja na nusu na kimo cha mita moja hivi. Likiwa dogo kuliko mita moja kila upande halitapata joto. Likizidi kimo cha mtu, hewa haitafika katikati.

Chini kabisa weka vijiti na mabua ya mahindi, unene wa shubiri moja, ili hewa ipite. Juu yake anza tabaka. Kanuni ni rahisi: kwa kila ndoo moja ya vibichi (maganda, mboga, nyasi mbichi, samadi), weka ndoo mbili au tatu za vikavu (majani makavu, maganda ya karanga, nyasi zilizokauka, maboksi yaliyochanwachanwa, randa kidogo). Vibichi vina naitrojeni nyingi, vikavu vina kaboni nyingi, na vijidudu vinavyoozesha hupenda kaboni iwe kama mara 25 hadi 30 ya naitrojeni. Kila baada ya tabaka mbili nyunyiza samadi ya mbuzi au ya kuku na koleo moja la udongo wa shambani, maana ndimo vijidudu wenyewe walimo. Jivu lililopoa nyunyiza kama unavyotia chumvi kwenye mboga. Likizidi, lundo linapoteza naitrojeni yake kwa njia ya hewa.

Maji: chota konzi ya mchanganyiko, ukamue. Yakitoka matone mawili matatu, unyevu unatosha. Yakichuruzika, ongeza vikavu. Usipoona tone, nyunyizia maji. Funika kwa majani ya mgomba.

Chomeka kijiti kirefu katikati ya lundo. Siku ya nne au ya tano kichomoe ukishike. Kikikuunguza kiganja kidogo, kazi inakwenda. Ndani panafika nyuzi 55 hadi 65, na joto hilo likidumu siku kadhaa huua mbegu nyingi za magugu na vimelea vingi. Kikiwa cha baridi, tatizo ni mojawapo kati ya matatu: vibichi vichache, maji kidogo, au lundo dogo. Baada ya wiki mbili geuza lundo zima kwa koleo, cha nje kiende ndani. Rudia kila baada ya siku kumi hivi. Mwezi wa tatu utapata kitu cheusi, kinachomong'onyoka, chenye harufu ya msitu baada ya mvua. Kama bado unatambua ganda la ndizi, hakijaiva.

Harufu itakuongoza. Ikinuka kama yai viza, hewa imekosekana: geuza, ongeza vikavu. Ikipenya puani kama mkojo, vibichi vimezidi.

Usiweke kinyesi cha mbwa wala paka, mafuta ya kukaangia, mifupa, wala pampasi hata zile zinazodaiwa kuoza. Maganda ya muhogo mchungu yana sumu ya sianidi. Mbuzi akiyala mabichi anaweza kufa. Yaanike siku kadhaa kabla ya kumpa mnyama yeyote, au yakatekate uyatie kwenye lundo, sumu hiyo hupotea yanapooza.

Mboji iliyoiva changanya na udongo wa juu kabla ya kupanda mchicha, matembele au bamia, kilo mbili tatu kwa kila mita moja ya mraba. Asiye na bustani atapata mteja: wenye vitalu vya miche ya michikichi na ya matunda wanaihitaji kila msimu.

Mkaa uliosagika chini ya gunia nao una kazi. Chekecha vumbi, changanya na uji mzito wa unga wa muhogo, kiasi cha kikombe kimoja cha unga kwa vikombe kumi vya vumbi, finyanga matonge, anika kivulini siku mbili kisha juani siku tatu. Yakipasuka, uji haukutosha. Yanawaka polepole, yanafaa maharage.

Makapi ya chikichi

Hapa Kigoma ndipo nyumbani kwa mawese, na tangu serikali ilipoanza kulisukuma zao hili kwa nguvu mwaka 2018, huku kituo cha utafiti cha Kihinga kikizalisha mbegu za tenera, yaani michikichi chotara, michikichi inaongezeka na makapi yanaongezeka nayo. Mwenye mashine ndogo ya kukamua anazalisha taka za aina tano kwa siku moja, na kila moja ina njia yake.

Mikungu mitupu iliyoambuliwa chikichi usiichome kijijini. Irudishe shambani, izungushie shina la mchikichi kama matandazo. Inahifadhi unyevu na kurudisha potasiamu ambayo zao hili hulila kwa wingi. Ukiichoma hata hivyo, jivu lake ni mbolea kali ya potasiamu, na wazee walilitumia kupata magadi ya kutengenezea sabuni.

Nyuzi zinazobaki baada ya kukamua huwasha tanuri la kuchemshia chikichi zinazofuata. Maganda magumu ya kokwa yanawaka kwa joto kali, wahunzi na wachoma matofali wanayataka. Mashudu ya mise, yanayobaki mafuta ya kokwa yakishakamuliwa, ni chakula cha ng'ombe na nguruwe. Yakaushe vizuri kwanza, yakiota ukungu yana madhara kwa mnyama.

Shida kubwa ni aina ya tano, yale maji ya kahawia yenye tope yanayobaki baada ya kuchemsha na kuengua mafuta. Ni machachu, na yamejaa chembe za mafuta na uozo. Yakiingia kijitoni, vijidudu wanaoyaozesha hutumia hewa yote iliyomo majini, na samaki na viluwiluwi wanakufa bila mtu kutia sumu yoyote. Nimeona kijito kikibadilika harufu kwa umbali mrefu kwa sababu ya mashine moja iliyofanya kazi msimu mmoja.

Fanya hivi. Maji hayo yamwage kwenye pipa au karo la saruji, yapoe usiku kucha. Asubuhi engua mafuta yaliyopanda juu, hayo yauzie watengeneza sabuni. Chini kunabaki tope na maji. Tandaza nyuzi na mikungu iliyokatwakatwa, lundo la kimo cha mita moja, kisha lilowanishe kwa maji hayo kidogo kidogo kila baada ya siku mbili tatu. Nyuzi ni kavu na zina kaboni tele. Maji yale yana virutubisho. Kila kimoja kina kile ambacho mwenzake amekosa. Geuza kama mboji ya nyumbani, isipokuwa hii inachukua miezi mitatu hadi minne kwa sababu nyuzi ni ngumu. Yakibaki maji ya ziada, yaingize kwenye mabwawa mawili yaliyochimbwa kwenye udongo wa mfinyanzi, moja likimwagikia jingine, yakae wiki kadhaa, kisha yanyunyizie michikichi. Mabwawa yazungushiwe uzio, watoto hutumbukia.

Mwaloni: samaki, nyavu, injini

Mwalo wa Kibirizi, pale boti za uvuvi zinaposhusha samaki, asubuhi dagaa wakiwa wameanikwa, si mahali pa kumhubiria mtu kuhusu taka. Watu wako kazini. Nitasema yale tu yanayoweza kufanyika bila kusimamisha kazi.

Dagaa walionyeshewa wakaanza kunuka hawafai kuliwa na mtu, ila wakianikwa upya hadi wakauke kabisa wanasagwa kuwa chakula cha kuku. Wakishaota ukungu, waende kwenye mboji. Matumbo na vichwa vya migebuka na kuhe usivitupe majini. Chimba shimo la kina cha goti juu ya alama ambayo maji ya ziwa hufikia, tandika randa au majani makavu, mwaga matumbo, funika kwa tabaka la randa nene kuliko matumbo yenyewe, halafu udongo. Tabaka kwa tabaka mpaka lijae. Nzi hawafiki, na baada ya miezi michache ni mbolea inayosifiwa na kila mwenye migomba.

Nyavu za nailoni zilizochakaa zinaendelea kuvua zikiwa zimeachwa majini, samaki wananasa na kuoza humo bila mwenye kuwatoa. Zirudishe nchi kavu. Zinafaa uzio wa bustani, mabanda ya kuku, au kufungia mizigo.

Oil chafu ya injini iwekwe kwenye dumu lenye kifuniko. Maji yaliyokusanyika chini ya boti, kama yana mafuta juu, yasimwagwe ziwani kabla ya kuyanyonya kwa tambara au magunia makuukuu. Gereji nyingine hununua oil chafu. Usiipake nguzo zilizo karibu na kisima kwa ajili ya mchwa.

Plastiki, na kwa nini chupa moja haina bei

Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019, na kweli mitaro yetu ilipata nafuu. Chupa, madumu na vifungashio vilibaki.

Geuza chombo ukiangalie kitako. Kuna namba ndani ya pembetatu. Namba 1 ni chupa za maji na soda, namba 2 ni madumu ya mafuta na chupa za sabuni, namba 5 ni vifuniko, ndoo na vikombe vingi. Hizo tatu ndizo zinazonunuliwa zaidi. Namba 3 ni ya mabomba na baadhi ya mazulia; isichomwe kamwe, moshi wake una sumu za klorini. Namba 6 ni sahani nyeupe za chipsi, nyepesi mno kuuzika, bora kutozipokea kabisa: beba bakuli lako.

Bei ya plastiki Kigoma ni ndogo kuliko Dar es Salaam kwa sababu ya njia. Reli ya Kati ilifika hapa mwaka 1914, nayo ina zaidi ya kilomita 1,200 hadi pwani. Gari lililojaa chupa zisizobanwa linasafirisha hewa, na hakuna mfanyabiashara anayelipia hewa. Kwa hiyo fungua kifuniko, kanyaga chupa mpaka iwe bapa, funga kifuniko tena isijijaze hewa. Tenga nyeupe na za rangi. Usiuze kilo tatu peke yako. Nyumba kumi zikikusanya mahali pamoja kwa mwezi mmoja, mnunuzi atakuja na guta lake mwenyewe. Gharama ya nauli inageuka upande wake.

Vyuma, shaba na sufuria za alumini zina soko muda wote, hapo sina la kuongeza ila moja: usimruhusu mtoto kukusanya chuma chakavu karibu na mitambo au njia ya reli. Chupa za soda na bia rudisha dukani. Kioo kilichovunjika kifunge kwenye gazeti, kiweke ndani ya kopo, umwambie mzoa taka kwa mdomo.

Kuhusu pampasi, ambazo zimekuwa balaa la mitaro yetu: kinyesi kikung'utwe chooni kwanza, pampasi ikunjwe, iingie kwenye kiroba cha mabaki. Ndani ya choo cha shimo haiozi, inajaza shimo na kuzuia bomba la gari la kunyonya. Nepi za kitambaa mchana na pampasi usiku, mama wengi wamepunguza matumizi yao kwa namna hiyo.

Vya hatari

Betri ya gari au ya sola ina risasi na asidi. Risasi huharibu ubongo wa mtoto, na hakuna kiwango kidogo kinachojulikana kuwa salama. Usiipasue nyumbani, usiimwage asidi, usiyeyushe risasi yake kwenye jiko la familia kutengenezea vizito vya nyavu. Iuze ikiwa nzima. Betri za simu zilizovimba zisitobolewe, huwaka. Betri ndogo za tochi, ambazo wavuvi wa usiku na kaya huzitumia kwa wingi, ziweke kwenye chupa ya plastiki yenye kifuniko na kuipeleka kwa afisa afya wa kata inapojaa.

Mwenye kisukari anayejichoma sindano nyumbani aziweke kwenye chupa ngumu ya sabuni, aifunge inapofika robo tatu, aipeleke zahanati. Kule taka hutengwa kwa rangi: nyeusi au bluu kwa za kawaida, njano kwa zenye maambukizi, nyekundu kwa zenye maambukizi makali, na boksi la usalama kwa vyenye ncha. Ukimuuguza mtu wodini, uliza kabla ya kutupa ganda la chungwa. Likitupwa kwenye ndoo ya njano linaongeza mzigo wa tanuri bure, na bandeji ikitupwa kwenye nyeusi inamfikia mzoa taka asiye na glovu.

Choo na majitaka

Shimo la choo liwe mita 30 au zaidi kutoka kisimani, na kitako chake kiwe angalau mita moja na nusu juu ya maji ya ardhini. Katonga na Kibirizi hilo ni gumu, maji yako karibu, na ziwa lilipopanda miaka ya 2020 na 2021 wengi waliona vyoo vyao vikifikiwa. Kwenye maeneo kama hayo jenga choo cha kuinuliwa, chenye karo lililosakafiwa, linalonyonywa. Usisubiri choo kifurike wakati wa masika ndipo uyafungulie majitaka mtaroni usiku. Mwezi Mei 2015, maelfu ya wakimbizi kutoka Burundi waliposongamana Kagunga, kijiji cha kando ya ziwa, bila vyoo vya kutosha, kipindupindu kilisambaa kwa siku chache. Kinyesi kilikutana na maji ya kunywa, basi.

Maji ya kufulia na kuoshea vyombo yapitishe kwenye shimo dogo lililojazwa kokoto, kisha yaelekee kwenye migomba.

Usichome

Najua wengi huchoma kila jioni, na mama anayefagia uwanja akichoma majani anahisi amemaliza kazi. Majani yale ni vikavu vya lundo lako. Vilivyobaki vikichomwa kwa moto mdogo wa uani, plastiki haifikii joto la kuunguza sumu zake. Tanuri la hospitali hupita nyuzi 800, moto wa uani haufiki huko. Moshi unaingia chumba anacholala mtoto.

Mzoa taka na mtaa

Niliwahi kutenga kwa mwezi mzima, viroba vitatu safi, kisha mzoa taka aliyekuwa na zabuni wakati ule akavimwaga vyote pamoja nikimtazama. Nilikasirika, halafu nikaelewa kwamba gari lake lilikuwa na sehemu moja tu. Tangu hapo vinavyooza havitoki uani kwangu, vya kuuza vinauzwa kabla ya siku ya gari, na anachobeba ni kiroba kimoja cha mabaki.

Kwenye mkutano wa mtaa uliza mambo manne na uyaandike: gari linapita siku zipi, ada ni shilingi ngapi kwa kaya na kwa biashara, risiti inatolewa na nani, na taka zinamwagwa wapi. Ukusanyaji wa taka ngumu ni wajibu wa halmashauri kisheria, hata inapomkabidhi mzabuni. Gari lisipopita, mweleze mwenyekiti wa mtaa na afisa afya wa kata kwa tarehe, si kwa malalamiko ya jumla. Daftari lako la wiki ya kupima litasaidia hapo, kwani mtaa ukijua kaya moja inatoa kilo ngapi, unaweza kujadili ada kwa hoja.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya usafi, wekeni nguvu kwenye mitaro kabla ya mwezi wa kumi. Kinachozolewa humo kitengwe papo hapo: chupa kwenye kiroba, mabaki kwenye kiroba kingine, udongo kwenye toroli. Udongo huo usiachwe ukingoni mwa mtaro kama tunavyozoea. Ubebwe siku hiyohiyo, ukajaze mashimo ya barabara ya mtaa, kwa sababu mvua ya kwanza itaurudisha mtaroni pamoja na kila kilichofichwa ndani yake.